Nilikiri kwa Mazoea

Jumatatu, 3 Februari

Nimenunua daftari. Mama mdogo anasema mtu akishaanza kujiongelesha jikoni ni heri aandike, angalau majirani hawasikii. Haya, naandika.

Nimehukumiwa. Hata neno lenyewe halijanikaa mdomoni. Mimi! Mwanamke wa miaka arobaini na saba, sijawahi kugombana hata na muuza mkaa. Kifungo cha nje mwaka mmoja, na mwaka wote huo nisikanyage nyumbani kwangu wala nisimsogelee mume wangu. Kosa: kumsukuma ngazini na kumpiga nyundo ya kichwa. Na nilikiri. Hakimu alisoma shtaka, akaniuliza, nikasema, "Ni mimi, mheshimiwa. Yaishe." Yakaisha kweli — dakika tano, labda sita. Mwizi wa betri za gari aliyenifuata alikaa kizimbani muda mrefu kuliko mimi.

Nyundo sikumpiga. Nilikuwa nayo mkononi tu.

Mama mdogo kanipa chumba cha nyuma. Kitanda cha chuma, kalenda ya miaka mitatu iliyopita, cherehani yake ya mkono chini ya shuka. Viti vyote sebuleni vimebonyea. Mikono inaniwasha kuvifungua.

Alhamisi, 6 Februari

Leo wakati wa chai mama mdogo kaniuliza: mtu mzima, mwenye akili zake, anakirije kosa ambalo hakulifanya? Nikamweleza. Akaacha kutafuna.

Chanzo ni mahameli. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa ndoa yetu na wa kwanza wa karakana yetu ya makochi. Springi — ndiye mume wangu, wateja ndio waliombatiza jina hilo kwa jinsi anavyotembea akirukaruka — Springi alikuwa anaunda fremu na kugonga, mimi nakata na kushona. Tukapata oda yetu ya kwanza kubwa: kochi la watu watatu, mahameli ya kijani, la mke wa daktari mmoja. Sasa mahameli ina manyoya, na manyoya yana upande yanaolalia. Ukigeuza kipande kimoja kichwa chini, kitaonekana cheusi kuliko wenzake hata kama kitambaa ni kilekile. Mto wa katikati ukakatwa kichwa chini. Mke wa daktari alikuja, akatazama, akainamisha shingo huku na huku, akaondoka zake.

Nani alikata? Mimi nasema yeye, yeye anasema mimi. Siku mbili hatukusemezana. Mkasi tunapeana kwa kuusukuma mezani. Siku ya tatu asubuhi akaingia, akasema, "Ni mimi." Akajaza misumari mdomoni akaanza kugonga. Sikuuliza, naye hakueleza.

Tangu hapo ikawa sheria ya nyumba. Kitu kikiharibika, mmoja anasema ni mimi, mwingine anajibu, "Basi, shika upande wako," tunanyanyua kilichopo, kazi inaendelea. Hakuna kuchimbana. Miaka ishirini na mbili! Chai imemwagika, kitambaa kimeungua pasi, mteja kakimbia. Kuna siku tulisema wote kwa pamoja, Springi akacheka mpaka misumari ikamtoka mdomoni, tukashinda tunaitafuta sakafuni kwa sumaku. Na mpaka leo sijui nani alikata ule mto.

Basi hakimu aliponiuliza, mdomo ulinitangulia. Nilikuwa nimetoka mahabusu, siku mbili sijalala. Nikasema ni mimi, nikageuka nyuma nimtafute Springi anijibu. Hakuwepo. Alikuwa hospitali, mtulinga wa bega umevunjika.

Mama mdogo akakung'uta makombo mapajani. Mahakama si karakana, akasema. Keshokutwa anatafuta mtu wa kutuelekeza kwa wakili.

Jumamosi, 15 Februari

Nimempata wakili. Bi Miwani — ndivyo mama mdogo anavyomwita, maana anazo mbili, moja puani na nyingine kichwani, na bado anatafuta ya tatu mezani. Ofisi yake iko juu ya duka la rangi, mafaili mpaka kwenye beseni la kunawia. Kiti cha wageni kimekatika mkanda wa chini ya sponji upande wa kushoto. Nilikaa upande wa kulia.

Alisoma kumbukumbu za kesi yangu: ukurasa mmoja na nusu. Akasoma tena. Akasema mtu akishakiri, ni lazima asomewe jinsi kosa lilivyotokea, hatua kwa hatua, aulizwe kama ndivyo. Mimi sikusomewa chochote. Imeandikwa, "Ni mimi, yaishe," halafu adhabu. Hapo akacheka, kisha akaniomba radhi. Anasema sababu ya rufaa ipo, tena imesimama.

Kisha akaniuliza ilikuwaje. Nikamwambia. Tulikuwa tunateremsha kochi kutoka chumba cha juu. Mimi juu, Springi chini, anarudi kinyumenyume. Kochi likaniponyoka. Likamshukia, wakaenda wote mpaka chini. Mguu mmoja wa kochi ulimchana kichwa, ubavu ukambana ukutani. Nikakimbilia nyundo ning'oe ule mguu nimtoe. Wifi yangu, dada yake Springi, akaingia wakati huohuo, akakuta kaka yake kalowa damu na mimi nimeinama juu yake na nyundo. Na nusu saa kabla ya hapo mtaa mzima ulikuwa unatusikia tukigombana. Mimi pia ningeita polisi.

Mlikuwa mnagombania nini? Kochi, nikasema. Akaandika.

Jumapili, 2 Machi

Binti yetu kapiga simu kutoka chuoni. Anasema baba yake anapika chai mwenyewe siku hizi, na juzi kaitia chumvi badala ya sukari, akainywa yote kwa kiburi. Nilicheka. Nikakaa na simu sikioni hata baada ya kukata.

Nimelikumbuka kochi mchana kutwa. Ndilo lilelile la mke wa daktari. Tulilipandisha juu wenyewe siku ile alipolikataa, Springi akasema haya, sasa sisi ndio matajiri. Hatukuwa na kitu kingine chumbani. Tulikula juu yake, tukalala juu yake mpaka tulipopata godoro. Nikiwa mjamzito mgongo ulikuwa hautulii popote ila pale, kwenye ule mto mweusi wa katikati. Binti aliota meno huko, na alama za meno zipo kwenye mbao ya mkono wa kulia. Jumapili kama hii Springi analala kifudifudi, mguu mmoja nje, na mimi nashona vifungo vya viti vya wateja juu ya mgongo wake kama meza. Anasema, "Usinishone." Kila Jumapili, maneno hayohayo. Ningetoa chochote nimsikie akiyasema leo.

Akaliuza. Hakuniuliza. Nilikuwa kwenye cherehani, yeye ana misumari mdomoni, akasema kwa pembeni ya mdomo tu kwamba mwenye saluni kalipenda lile kochi la juu, wanakuja kulichukua saa tisa.

Jumanne, 11 Machi

Mteja mmoja wa zamani kaja na furushi. Vitambaa vimekatwa tayari, seti ya viti vinne, eti nishone tu. Nilifungua nikaona chaki. Ni mkono wa Springi: mshale wa kuonyesha manyoya yanalala wapi, M ya mbele, N ya nyuma, na kile kiduara anachoweka kwenye kona ya kukunja, mafundi wengine wanaweka msalaba. Ila mistari imetetemeka. Mstari wake ulikuwa unanyooka bila rula, hilo tulikuwa tunaringia wateja. Bega bado halijapona basi.

Nilishona polepole ili isiishe. Sikufuta chaki.

Alhamisi, 13 Machi

Bi Miwani kanigombeza vibaya sana. Kumbe mama mdogo kamwambia, na anajifanya alipitiwa. Amri ni amri, anasema, hata kwa mkono wa mteja. Upande wa mashtaka ukijua, rufaa inaingia mdudu. Nirudishe na nisipokee tena. Nimemjibu kwamba kwenye kile kitambaa hakuna hata neno moja. Akaniangalia juu ya miwani. Anasema ndiyo maana anaogopa zaidi.

Jumatano, 26 Machi

Nimesaini hati ya kiapo. Kurasa tatu. Aya ya saba: "Kwamba kochi hilo liliniponyoka kwa bahati mbaya." Kidole kikakwama hapo. Bi Miwani akauliza kama kuna neno la kurekebisha. Nikasema hakuna.

Kisha akanionyesha ya Springi. Kaja mwenyewe ofisini, bila kuitwa, mkono kwenye kitambaa shingoni, akasema anataka kuapa. Ameapa kwamba alijikwaa kwenye ngazi ya nne, akalivuta kochi mwenyewe, mke wake hana kosa. Saini yake imepinda.

Hakujikwaa. Mume wangu amepanda na kushuka ngazi ile na makabati mgongoni, hajawahi kujikwaa.

Ijumaa, 4 Aprili

Halikuniponyoka. Niliachia.

Nimeliandika. Hapa pia ningedanganya, daftari la nini?

Tulikuwa tumefika katikati. Nilimwambia tusimame, silishushi, lirudi juu. Akacheka, si kwa ubaya, alikuwa anahema. Akasema, "Mwenzangu, hizi ni mbao na sponji tu." Nikatazama vidole vyangu vimeshika mahameli. Na kwa muda ule mdogo, wa kupepesa jicho, nilitaka limuumize. Siwezi kulizunguka hilo. Nilitaka, nikafungua mkono. Halafu nikataka lirudi, na kochi halirudi.

Kwa hiyo shtaka ni la uongo: sikumpiga, sikumsukuma. Na kiapo changu ni cha uongo. Na cha Springi ni cha uongo. Tumejaa uongo watu watatu, serikali, mimi na mume wangu.

Nampenda. Andika na hilo.

Jumanne, 22 Aprili

Wifi kaja. Mama mdogo akamkaribisha kwa kumwonyesha kiti kibovu kuliko vyote. Alikaa, akazama, wala hakulalamika. Tulikuwa marafiki sisi. Yeye ndiye aliyenisuka siku ya harusi na kuniambia kaka yake anakoroma, nisije nikasema sikuambiwa.

Anasema hakuja kuomba msamaha. Alisema alichokiona, na angekiona tena angekisema tena. Nikamwambia ni haki yake. Kisha akasema kuna jambo moja hakuwaambia polisi: alipoingia, Springi alikuwa anasema "mwacheni, mwacheni," kabla hata mtu hajanigusa. Hajui kwa nini hakulisema. Akalia kidogo, nami nikalia, mama mdogo akaenda kuongeza sauti ya redio.

Aliponiaga aliniuliza kama ninakula. Nikasema ninakula.

Jumatatu, 5 Mei

Rufaa itasikilizwa tarehe kumi na nne. Mama mdogo kanipiga pasi gauni tayari, siku tisa kabla. Nimefungua viti vyake vyote, nimevibadilishia mikanda. Anakaa akiruka kidogo, anasema sasa anaogopa wageni hawataondoka.

Nikamwambia. Yote, la kuachia. Sikupanga, tulikuwa tunakunja nguo. Hakushtuka. Alikunja shuka mpaka mwisho, akalipigapiga. "Mficha uchi hazai," akasema. "Kamwambie wakili wako kabla hajasimama mbele ya jaji na uongo wako mdomoni."

Jumanne, 6 Mei

Nimemwambia. Bi Miwani alivua miwani zote mbili.

Aliuliza kama nataka kufungwa. Sitaki. Nataka nini basi? Nikasema nataka kurudi nyumbani, ila nirudi mimi, si huyo mwanamke wa aya ya saba. Akatembea mpaka dirishani akarudi. Akasema jaji wa rufaa hataangalia nani aliachia nini, ataangalia tu kama kukiri kwangu kulichukuliwa inavyotakiwa. Kwa hiyo hiyo aya anaiondoa, nitaapa upya, haitapungua kitu. Lakini tukishinda, akasema, hukumu inafutwa na shtaka linasomwa upya mbele ya hakimu mwingine. Nitaulizwa tena. Nyundo nikatae, kusukuma nikatae. Na wakiuliza kochi lilianguka vipi, hapo atakuwa pembeni yangu lakini ulimi ni wangu.

Njia nzima ya kurudi nilitembea kwa miguu. Nilipita kwa mbali na mtaa wetu. Nilisikia mtu anagonga, gonga mbili, kimya, gonga mbili. Springi anagonga tatu. Labda ni bega, au labda ni fundi mwingine.

Jumatano, 14 Mei

Niko kwenye benchi la ukumbi wa mahakama, ghorofa ya chini. Saa saba na dakika arobaini mchana.

Tumeshinda. Niandike vizuri: jaji alichukua chini ya robo saa. Upande wa serikali haukupinga. Akasema maneno "ni mimi, yaishe" hayawezi kuitwa kukiri kwa mtu ambaye hakuelezwa anakiri nini. Hukumu imefutwa, adhabu imefutwa, amri ya kutomsogelea mume imefutwa. Faili lirudi kwa hakimu mwingine, na kwa kuwa sote tupo, shtaka lisomwe leo hii saa nane, chumba namba mbili. Mama mdogo alinikumbatia mbele ya askari. Sasa kaenda na Bi Miwani kutafuta maji ya kunywa. Nadhani wameondoka makusudi.

Maana Springi yupo. Alikuja peke yake, shati halijapigwa pasi, kapungua. Ule mruko wa miguu haupo tena. Alisimama mbali kidogo kama anayesubiri kuambiwa asogee, nikavuta mkoba wangu, akakaa.

Tulianza na cherehani. Mkanda umekatika, kanunua mwingine, haufai. Nikamwambia aina ya kununua. Kochi limerudi juu, anasema, kwa msaada wa majirani wanne. Mwenye saluni alilikataa, lina damu. Mguu mmoja haupo. Kaliwekea tofali. Nikamuuliza kama amepima usawa wake kwa pima maji. Akasema amepima kwa macho. Tukacheka, wote wawili, kicheko kifupi cha watu wasiojua kama wanaruhusiwa.

Kisha akasema nisiwe na wasiwasi, hakimu akimuuliza atasema alijikwaa, mambo yaishe, twende nyumbani.

Nikasema, "Hukujikwaa. Niliachia."

"Najua," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa chini. Niliona vidole vyako vinafunguka."

Miezi mitatu na nusu anajua! Alijua akiwa hospitali, alijua alipopanda ngazi za Bi Miwani na bega lake bovu kwenda kuniapia. Nikawa nangoja aseme, "Basi, shika upande wako." Ningelipokea, ningesimama hapo hapo, tungeenda chumba namba mbili kudanganya pamoja, na jioni ningekuwa jikoni kwangu.

Hakusema. Alijishika bega, akatazama sakafu, akauliza polepole, "Kwa nini?"

Hajawahi kuniuliza. Tangu nimjue. Wala mimi sijawahi kumuuliza.

Nimefungua daftari kwa sababu siwezi kumtazama. Yeye ananitazama nikiandika, hasogezi macho. Kwa sababu uliliuza bila kuniuliza — hapana, hilo ningelisamehe. Kwa sababu ulisema ni mbao na sponji. Karibu. Kwa sababu siku zote nikiumia tunanyanyua kitu tunaendelea na kazi, na mikono yangu ilikuwa imechoka. Nimemwambia bado natafuta. Kasema nitafute.

Karani katoka chumba namba mbili, anasoma namba ya faili letu. Mara ya pili sasa. Springi kainua mkono wake mzima. "Tusamehe kidogo, karani," anasema, "mke wangu bado ananijibu."

Karani anasema hakimu hangoji mtu. Springi hajashusha mkono.